Sekunde Nne

Kutwa nzima ya kazi: sekunde nne.
Nasogeza mkono wa roboti unywele mmoja,
naondoka kwenye mwanga, kamera inapiga;
narudi, unywele mwingine, naondoka.
Mara tisini na sita, na nje, Tallinn,
kumekucha na kumekuchwa bila mimi kuliona jua.
Haba na haba, walisema wahenga.
Hawakusema kibaba chenyewe kinavuja.

Roboti ni kopo la dagaa wa Baltiki,
bei yake ingali imebandikwa mgongoni.
Macho ni vifungo vya koti la mama mkwe, Mungu amrehemu;
kimoja kimepauka, ndicho kinachomfanya aonekane anawaza.
Mdomo hana.
Mtoto, Uku, anayo ishirini na mitatu,
nimeipanga kwenye trei ya mayai:
wa kununa, wa kupiga mluzi, wa kusema "oo",
na mmoja wa kujizuia kulia, niliouchonga mara saba.

Tupo kwenye onyesho la mkate.
Theluji ya chumvi, mwezi wa taa ya jikoni.
Uku anamega mkate wake mweusi, anampa nusu.
Roboti hajui kula. Anaupokea,
anafungua kifuniko cha kifua, anauweka ndani
kama asiyejua kusoma anavyotunza barua.
Basi. Hakuna anayesema neno.
Wiki tatu nimelala na kuamka na nusu ya mkate.

Ijumaa Leelo huja na begi lake la shule,
soksi mbichi, pua nyekundu.
Alimkuta Uku yu uchi mezani,
mpira wa kiwiko umechanika, mimi nakoroga gundi.
Akachungulia ndani ya jeraha.
"Ni waya," akasema.
"Ni waya."
Akamgeukia roboti, akafungua kifua, akachungulia na humo.
Waya ule ule, wa msokoto mmoja,
niliouziwa na Aivar kwa bei ya kutupa.
Nilingoja machozi. Nilikuwa na maneno tayari, ya kipumbavu.
"Kumbe ni ndugu," akasema, "na hawajaambiwa."
Akaomba chai.

Jioni ile ile, picha ya sitini na moja,
tramu ikapita chini ya dirisha, jengo likatetemeka,
kifuniko cha kifua kikapanda unywele.
Picha mbili zikapita kabla sijakiona,
nikakishusha.
Kosa. Nilipaswa kurudia yote, tangu mkate ulipomegwa.
Nasema kama ilivyokuwa: nilichoka, nikaliacha.

Machi. Ukumbi umejaa, makoti magotini.
Leelo alisinzia kabla theluji haijaanza,
kichwa ubavuni mwangu, peremende ikimnatia kiganjani.
Lilipokaribia kosa langu nilifumba macho,
nikahesabu moyoni, hamsini na nane, hamsini na tisa,
na nyuma yetu, sauti ya mtoto wa watu:
"Baba, umeona? Amepumua."
Baba hakuona. Baba alisema shh.

Usiku nilimpandisha Leelo ngazi tatu mgongoni,
nikamvua viatu, nikamlaza.
Mkono wake ukaning'inia nje ya kitanda.
Nikaurudisha, unywele mmoja,
unywele mwingine, asizinduke,
kisha, kwa mazoea tu,
nikarudi nyuma hatua moja, nikatoka kwenye mwanga,
kivuli changu kisimwangukie.